Kumrudisha Kalume

Jimbo lilipoanza kubadilisha namba za barabara zake, Kalume alikuwa amekwisha kufa mwaka na ushee, lakini bado ndiye aliyekuwa akiwapeleka watu kazini. Asubuhi magari kuukuu ya Wakongomani wa Garland yalitoka moja moja kwenye maegesho ya nyumba zao za kupanga, simu imesimamishwa kando ya usukani, na ndani ya simu Kalume anasema kwa utulivu wake: "Ukifika ku mia sita na kumi na tatu, usiogope malori. Kaa mustari wa kuume. Utaona namba ya kijani, hamsini na nane. Hapo, kata."

Alikuwa dereva wa lori, na aliwajua watu wake. Mtu aliyekimbia Fizi, kule Kongo, akiwa kijana, akaota mvi kambini Tanzania, ndipo akaletwa Texas, huyo humwekei mbele ubao wenye jina refu la Kiingereza ukatumaini atafika. Namba lakini ni namba popote. Yule mwanamke wa kwenye ramani ya simu naye alitamka majina mbiombio, na ukikosea alikurudisha nyuma bila kukuambia nyuma ni wapi. Basi Kalume alikaa garini na kurekodi safari za watu wake kwa sauti: ya ghala la kuku wa barafu, ya hospitali, ya kanisani, ya ofisi za Plano ambako akina mama walikwenda kusafisha. Watu wakarushiana sauti hizo kwenye kundi la simu la kanisa. Hata waliofika Garland baada ya mazishi waliendesha kwa sauti ya mtu ambaye hawakuwahi kumwona, na wengine walimwitikia: ndiyo, kaka, nimeiona, kaka.

Alikufa kwenye hiyo hiyo mia sita na kumi na tatu, upande wa Houston. Tairi la tela lilipasuka, akasimama pembezoni, akashuka kulitazama, na gari lililokuwa likija nyuma likampitia. Mwili uliletwa Garland ukazikwa kwa heshima, watu wakaimba, wakala wali na sombe ya majani ya muhogo, wakatawanyika. Fortunée, mkewe, alibaki na binti yao Christelle, na mama mkwe ambaye wajukuu wote wa ukoo walimwita Tate. Alibaki pia na gari, ambalo hakuwa anajua kuliendesha. Alijifunza akiwa na kilemba cheusi kichwani, na mwalimu wake mkubwa alikuwa marehemu.

Katika sauti ya kwenda ghalani, alikofanya kazi, kulikuwa na mahali Kalume alikohoa, kisha indiketa ikasikika ikigonga, kisha akasema "ngoja kidogo," akimwambia dereva fulani asiyemsikia. Fortunée alifika mahali hapo kila siku akiwa amepunguza mwendo. Hakumwambia mtu kwamba ndiyo dakika pekee ya siku aliyojiona bado ana mume.

Jimbo lilikuwa na sababu zake. Namba za zamani zimechanganyikana, walisema kwenye televisheni, kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Kwa Kiswahili hakuna aliyesema. Wafanyakazi wenye vizibao vya njano walianzia Houston wakapanda kuja kaskazini, wakishusha vibao vya zamani na kupandisha vipya, na mia sita na kumi na tatu ikawa tisini na mbili, na namba za njia za kutokea nazo zikageuzwa zote.

Jumapili ya kwanza nusu ya kwaya ilijikuta Plano, mbele ya duka la mabafu, wamevaa majoho. Watu walicheka hadi machozi. Wiki iliyofuata hawakucheka, maana Mama Fanny, mwenye ugonjwa wa figo, alizunguka na mumewe hadi miadi yake ya kusafishwa damu ikapita, akalazwa. Alipotoka hospitali alimshika Fortunée mkono kwenye maegesho ya kanisa, mbele ya wanawake wenzake.

"Dada, sisemi kwa ubaya," akasema. "Mais, lakini marehemu anatupoteza."

Fortunée alitabasamu, kwa kuwa mjane kanisani hana uso mwingine wa kuvaa. Aliingia garini, akajifungia, akalia kwa hasira. Mtu aliyewafikisha wote, leo ndiye mpotoshaji.

Lakini mzoea punda hapandi farasi, na yeye mwenyewe aliendelea na sauti ile ile. Asubuhi moja mafundi walikuwa wamefika kwenye kipande chake cha kwenda ghalani. Kalume akakohoa, indiketa ikagonga, akasema, "Hapo, kata," na Fortunée akakata. Hapakuwa na namba ya hamsini na nane. Hapakuwa na njia. Walikuwa wameifunga ile ya zamani na kufungua nyingine mbele, na yeye akakwaruza chuma cha pembeni, akasimama kwenye ukingo mwembamba huku malori yakipita na kulitikisa gari lake. Simu ikaendelea kuongea: sasa uko sawa, nenda polepole, utaona jengo jeupe.

Alitaka kushuka atazame ubavu wa gari. Mkono ulikuwa umeshika kitasa cha mlango alipotambua kwamba ndivyo alivyofanya mumewe. Akauondoa mkono. Alikaa pale, sauti ikamaliza safari nzima bila yeye, na mwisho ikasema kama kawaida: "Tumefika. Kazi njema."

Kazini alichelewa sana. Msimamizi, kijana wa umri wa mwanawe, hakumgombeza; alimpa ufagio akamwelekeza chooni huku wenzake wakitazama, na mahali pake kwenye mstari wa kufunga kuku akamweka mtu mwingine.

*

Tate alikuwa anamngoja mezani. Hakuulizia mkwaruzo wa gari. Alisema ameota tena.

Ndoto hiyo ilimjia tangu vibao vilipoanza kushushwa. Kalume amesimama kando ya barabara, amevaa koti lake la kazi, anatazama ubao juu ya kichwa chake. Anausoma, anatikisa kichwa, anauangalia mwingine. Mama yake anamwita lakini malori yanapiga kelele.

"Anatafuta njia ya nyumba," Tate akasema. "Wakati namba zake zilikuwa palepale, nilijisemea, atakuja pole pole, anaijua njia. Sasa wamezitoa. Atafika na nini?"

Kwao Tate, aliyefia njiani haletwi nyumbani na jeneza. Jeneza hubeba mwili. Yeye mwenyewe hubaki pale alipoangukia hadi watu wake wamwendee, wamwite kwa jina, wamwage maji, kisha wamwongoze kwa mdomo, wakimtajia kila njia panda mpaka mlangoni. Anayeongoza ni mke, kwa sababu mume amezoea kufuata sauti hiyo hata alipojifanya hafuati. Na tangu anapoitikiwa mpaka kizingitini, anayeongoza haongei na aliye hai hata kwa neno moja. Akiongea, yule anayefuata hudhani ameachwa. Tate alishawahi kuona shemeji yake akirudishwa hivyo kutoka njia ya mji wa Baraka, na nyumba ikapata usingizi.

"Ni wewe njo utamwongoza," akamwambia mkwewe. "Mimi njia za huku sizijui. Nitampoteza mara ya pili."

Fortunée akauliza akishafika itakuwaje. Tate akamjibu.

"Akishafika anapumzika. Hatumsemeshi tena. Na ile sauti ya mu simu unaizima. Huwezi kumulaza mutu halafu kila asubuhi unamuamsha umpeleke ku kazi."

Fortunée aliinuka akaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Alijua sasa anachoombwa: si kumrudisha mumewe bali kumtoa. Na alijua pia, maana hakuwa mpumbavu, kwamba asubuhi ile nusura sauti hiyo imlaze pembezoni mwa barabara ile ile alipolala mwenye sauti.

Mchungaji Élysée alipata habari, akaja. Alikuwa mtu mpole, mwenye kunywa chai yote aliyowekewa. Alisema waliokufa katika Bwana hawapotei, hawahitaji namba za barabara. Tate akasema mchungaji ni mtoto wa watu wazuri, Fortunée amwongezee sukari. Mchungaji akahamia jambo la pili, na hapo hakumtazama Fortunée machoni. Baraza la kanisa limekaa. Kijana Christian, mpiga gitaa, amepewa kazi ya kurekodi sauti mpya kwa namba mpya. Zile za zamani zinafutwa kwenye kundi la simu, leo hii, kwa usalama wa watu. Wanashukuru sana kwa huduma ya marehemu.

"Mlikaa lini?" Fortunée akauliza.

"Juzi."

"Na mimi hamkuniita."

Mchungaji alisema hawakutaka kumsumbua. Alipoondoka Fortunée alichukua simu akalifungua kundi. Mahali pa sauti za Kalume palikuwa na maneno ya kijivu kwamba ujumbe umefutwa, yakifuatana kutoka juu hadi chini ya kioo. Zilizobaki duniani zilikuwa zile za kwenye simu yake tu. Chini kabisa Christian alikuwa ameanza: "Halo halo, shalom wapendwa." Fortunée akamchukia kijana wa watu bila kosa lake.

Asubuhi alimwambia Tate wataenda Jumamosi.

*

Kwanza ilimbidi ajue njia. Christelle, aliyekuwa akisoma chuo cha jirani na kujibu Kiingereza kila alichoulizwa kwa Kiswahili, alisema this is crazy, Mom, kuna GPS. Tate akamjibu kwamba mwanawe hataletwa nyumbani na yule mwanamke wa kwenye simu asiyemjua. Christelle akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Jioni zilizofuata alikaa kando ya mama yake wakipanda na kushuka ile barabara, yeye akisoma vibao, Fortunée akirudia. Ghalani, ufagio mkononi, aliendelea kunong'ona namba za zamani na za sasa, mbili mbili, hadi wenzake wakamwonea huruma wakidhani amechanganyikiwa.

Jumamosi walimkuta Wilondja, mdogo wa Kalume, akiwangoja kwenye kituo cha mafuta nje ya Houston. Ndiye ambaye polisi walimpigia simu siku ile. Ndiye aliyefika akalikuta lori limewashwa taa za dharura na kaka yake amefunikwa. Aliwasalimia kwa unyenyekevu, akaingia kiti cha nyuma kando ya Tate na Christelle. Kiti cha mbele, kando ya dereva, Tate alikataa mtu asikikalie. Juu yake aliweka kitenge cha Kalume na chupa ya maji.

Walikwenda. Wilondja akasema ni mbele kidogo. Wakapita. Akasema labda ni nyuma. Wakageuza, wakarudi, wakageuza tena. Pembeni mwa barabara kulikuwa na nyasi zilizokatwa, uzio, nyasi, uzio, ubao wa tangazo la wakili, nyasi. Hatimaye Wilondja alifunika uso kwa viganja.

"Mama, nisamehe," akamwambia Tate. "Nilipashika kwa kale kabao kadogo ka namba. Nilijua siku yoyote nitarudi, kabao kako pale. Sasa wamekatoa, na bila kabao fasi yote, huku na kule, ni moja."

Mtu mzima alilia mbele ya binti wa kaka yake, na Christelle akageukia dirishani. Fortunée alihisi kitu kilichofanana na nafuu, na nafuu hiyo ikamwogopesha. Kama pahali hapajulikani, basi hakuna la kufanya. Watageuza gari, na Jumatatu Kalume atakohoa kama kawaida.

Tate akashusha kioo chake.

"Basi tutaiita barabara nzima," akasema.

Walianzia kwenye daraja lililokuwa mwanzo wa kipande kile. Fortunée aliendesha polepole kwenye mstari wa mwisho, taa za dharura zikiwaka, na bikizee wa Fizi akatoa kichwa dirishani Texas akamwita mwanawe kwa jina, na jina la baba yake, na jina la babu yake. Alikuwa akimwaga maji kidogo kidogo kutoka kwenye chupa, na upepo ukayarudisha usoni mwake. Magari yaliyokuwa nyuma yalipiga honi. Mwanamume mmoja aliwapita akiwapungia kidole kibaya. Mwingine, kijana, alinyoosha simu akawapiga picha, akicheka na wenzake. Christelle alijikunyata akaficha uso. Lakini sauti ya Tate ilipoanza kukauka, Wilondja akashusha kioo cha upande wake akaitika naye, "Kaka! Kaka Kalume!" na wakafika mwisho wa kipande kile, wakageuza, wakaanza tena.

Mara ya tatu Tate hakuwa na sauti tena. Midomo ilitikisika, hakuna kilichotoka. Chupa ilikuwa tupu. Na hapo Fortunée, ambaye hadi sasa alikuwa ameshika usukani tu, akafungua kinywa.

"Papa Christelle," akamwita mumewe, si kwa nguvu, ni kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. "Tuende nyumba."

Kengele ya mkanda ikalia.

Ilikuwa ile kengele ya gari inayolia mtu akikaa bila kufunga mkanda, na taa nyekundu ikawaka upande wa kiti cha mbele. Wilondja akasema ni chupa, ni uzito wa vitu. Chupa ilikuwa mkononi mwa Tate. Christelle akanyoosha mkono akakiondoa kitenge, akakipakata. Kengele ikaendelea. Gari lile lilikuwa kuukuu, na kengele zake zilikuwa na wazimu wake. Hilo sina budi kulisema. Ila hakuna aliyelisema mle ndani.

Christelle alijiinua, akajipenyeza kati ya viti, akauvuta mkanda taratibu juu ya kiti kitupu, kwa kuacha nafasi ya kifua, akaufunga. Kukawa kimya.

"Endesha, Mama," akasema kwa Kiswahili.

*

Walimshusha Wilondja kituoni. Aliaga, na Fortunée hakumjibu, maana sasa alikuwa haongei na aliye hai. Njiani walisimama kutia mafuta, na mwanamke wa kaunta akamwuliza kitu, akamwuliza tena kwa sauti kubwa, kisha polepole sana akitamka kila neno kama kwa mtoto mgonjwa. Watu wa foleni walimtazama. Fortunée alisimama ameinua kichwa. Christelle akaja mbio akalipa, akasema, "She's with my dad," yaani yuko na baba yangu, na mwanamke yule akachungulia nje ya kioo, akaona gari, akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

Safari ni ndefu kati ya Houston na Garland, na Fortunée aliongea njia nzima. Alianza kwa woga, akitaja namba tu. "Hii njo ile mia sita na kumi na tatu yako. Sasa inaitwa tisini na mbili. Ni ileile, usiogope." Mbele kidogo: "Hapa ulipapenda kula samaki. Palikuwa kumi na tisa, sasa ni mia na nne." Alimwonyesha daraja jipya. Alimwambia njia iliyofungwa na iliyofunguliwa. Baadaye, kati ya namba na namba, akaanza kumweleza mengine: kwamba amejifunza kuendesha, kama anavyoona, kwamba amekwaruza ubavu wa gari lake, amsamehe, kwamba Christelle amefaulu hesabu. Nyuma Christelle alikuwa analia bila sauti, na Tate amelaza kichwa cha mjukuu juu ya kitenge.

Hakuwa amewahi kuongea naye muda mrefu hivyo alipokuwa hai. Huyo alikuwa mtu wa barabarani. Akirudi alikula, alilala, akaenda. Fortunée aliyamaliza maneno ya miaka, na jinsi majengo ya Dallas, mji wa jirani na kwao, yalivyozidi kukaribia ndivyo alivyozidi kusema haraka, kama mwenye mgeni anayetazama saa.

Jua lilikuwa linashuka walipoingia Garland. Ubao wa kwao ukatokea: mia mbili na ishirini na nne, iliyokuwa sabini na moja. Hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hapa ni mtaa, ni mlango. Ilibaki kumwambia tu akate.

Fortunée aliitazama njia ikija, akaitazama ikipita dirishani.

"Mama, umeipita," Christelle akasema.

Tate akamwekea mkono begani. Sauti yake ilikuwa imekwisha, ikabaki pumzi. "Mwache," akasema. "Mwache azunguke naye."

Akaenda hadi njia iliyofuata, akageuza chini ya daraja, akarudi kusini, akageuza tena. Katika mzunguko huo hakusema namba yoyote. Alichomwambia Kalume alikisema chini sana, na waliokuwa nyuma hawakukisikia, nasi tukiache hapo hapo.

Ubao ukatokea mara ya pili.

"Papa Christelle," akasema. "Hapa njo penyewe. Kata."

Wakaingia mtaani, wakaingia kwenye maegesho, akazima gari. Alizunguka akafungua mlango wa kiti cha mbele, akaufungua mkanda, akasimama kando kumpisha. Jirani mmoja aliyekuwa akitoa takataka alimpungia mkono, hakupata jibu. Fortunée alisubiri kadiri anavyosubiriwa mtu ambaye miguu imekufa ganzi kwa kukaa. Kisha akatembea mbele polepole hadi mlangoni, akasukuma, akaingia.

"Tumefika," akasema. "Lala."

Alisimama katikati ya sebule yenye giza, mikono haijui pa kwenda. Wale wawili walikuwa bado wako nje ya kizingiti, wakimngoja awaruhusu kwa neno la kwanza kwa walio hai. Neno hilo lilichukua muda kupatikana.

"Mama," akamwambia mkwewe mwishoni, "nikupikie chai?"